Taa ya Injini na Safari ya Mpakani: Somo kwa Madereva na Wakazi wa Kando ya Barabara

Kutoka Kigali hadi mpakani si mbali. Barabara moja huelekea Gatuna na nyingine Kagitumba, kwa jirani zetu wa Uganda. Nyingine hupita Kayonza na Kirehe hadi daraja la Rusumo, ambalo ng'ambo yake ni Tanzania. Nyingine hupanda mlima Buranga, hupita Musanze na kushuka hadi Rubavu, kwenye mpaka wa Kongo. Katika barabara hizi zote hutokea jambo ambalo ninyi wakazi wa mipakani mnalijua vizuri: gari la thamani kubwa, lililopita asubuhi kwa fahari, hukutwa jioni limesimama kwenye kona, boneti wazi, dereva ameshika simu asijue ampigie nani.

Gari kukwama si kosa. Lakini gari lililosimama gizani mahali pabaya laweza kuua watu ambao hawakuwemo ndani yake. Tangu kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani "Fika Salama", ilipozinduliwa mwezi Mei 2019, tumezungumza mara nyingi juu ya mwendo kasi, ulevi na simu. Leo tunageukia chanzo kingine cha hatari: taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, ambayo dereva huiona Kigali na kuipuuza hadi mpakani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

1. Kihisi hufanya kazi gani?

Injini ya gari la kisasa huongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo haina macho wala masikio. Hutegemea vifaa vidogo ambavyo mafundi huviita sensa na ambavyo hapa tutaviita vihisi. Kimoja hupima hewa inayoingia kwenye injini. Kingine hupima joto la maji ya kupoozea. Kingine, kilichofungwa kwenye bomba la moshi, hupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Kingine husoma meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na kranki, ili kompyuta ijue wakati hasa wa kumwaga mafuta na kuyawasha.

Katika nchi yetu ya milima, kazi hii ina uzito wa pekee. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Kihisi cha hewa kikitoa taarifa ya uongo, injini hupewa mafuta mengi au machache kupita kiasi; moshi huwa mweusi au nguvu hupotea mlimani. Magari mengi ya kifahari, yakihisi hatari, hujipunguzia nguvu yenyewe ili kuilinda injini. Ulinzi huo ni mzuri kwa injini, ila gari linalopanda Buranga ghafla kwa mwendo wa mtu anayetembea, na lori likiwa nyuma yake, limeingia katika hatari nyingine.

2. Namba ya hitilafu ni ushahidi, si hukumu

Chini ya dashibodi ya magari mengi ya kisasa kuna tundu lenye pini 16. Fundi huunganisha hapo kifaa cha kupimia, na kompyuta humpa namba ya hitilafu. Hapa ndipo fedha nyingi za wenye magari hupotea. Fundi asiye makini huisoma namba, hulitaja jina la kihisi, na hukimbilia kununua kipya.

Tuchukue mifano miwili. Namba P0335 huhusu mkondo wa umeme wa kihisi cha kranki. Tatizo laweza kuwa kihisi chenyewe, lakini pia laweza kuwa waya uliokatika, soketi iliyoingia maji, au panya aliyetafuna nyaya gari likiwa limelala. Namba P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mara nyingi anayesema ukweli hapo ni kihisi. Mwenye kosa ni bomba la mpira lililopasuka na kuvuta hewa, au pampu ya mafuta iliyochoka. Kubadilisha kihisi katika hali hiyo ni kumfukuza shahidi na kumwacha mhalifu ndani ya nyumba.

Kwa hiyo mwenye gari amwombe fundi mambo matatu kabla ya kulipa: aandike namba iliyoonekana, aeleze alivyopima waya na soketi, na aonyeshe vipimo vya kihisi injini ikinguruma. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maombi hayo. Fundi anayejitolea kuchomoa taa ya onyo ili isikusumbue, aachwe mara moja.

3. Kubadilisha kihisi kwa utaratibu

Ikithibitika kwamba kihisi kimeharibika, kazi ifanywe injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kihisi cha joto la maji kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwa maana maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso na mikono. Bomba la moshi nalo hukaa na joto kwa muda mrefu.

Waya hasi wa betri uondolewe kwa kufuata kitabu cha gari, kwani katika baadhi ya magari ya kifahari betri imo kwenye buti, na mengine yana betri mbili. Uchafu unaozunguka kihisi usafishwe kwanza usije ukaangukia ndani. Kifungio cha soketi kiinuliwe, waya usivutwe. Kihisi kipya kilinganishwe na cha zamani kwa namba ya kiwandani, si kwa umbo pekee. Mpira wa duara upakwe oili kidogo, na bolti ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa sababu vihisi vingi hushikwa na bolti moja ndogo inayovunjika kwa urahisi.

Kihisi cha hewa kisifutwe kwa kitambaa wala kuoshwa kwa petroli. Kina waya mwembamba mno, na kuna dawa yake maalumu. Ncha ya kihisi cha oksijeni isipakwe grisi. Mwishoni namba ya hitilafu ifutwe, gari lijaribiwe, kisha lipimwe tena. Jaribio hilo lifanyike Kigali, kabla ya safari.

4. Kipuri kimetoka wapi?

Wakazi wa mipakani, hapa ndipo somo linapowagusa moja kwa moja. Kihisi ni kitu kidogo, kinaingia mfukoni, na bei yake yaweza kuwa kubwa. Kwa sababu hiyo huwavutia wezi, watengenezaji bandia na wapitishaji wa magendo kwenye njia za panya. Anayebebeshwa kifurushi avuke nacho usiku kwa malipo kidogo huenda asijue kwamba amebeba kifaa kilichochomolewa kwenye gari la mtu.

Ununuapo kipuri, iwe Gatsata, iwe kwingineko, dai risiti ya EBM inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Risiti hiyo ni dhamana yako kipuri kikiharibika, na ni kinga yako ukiulizwa ulikipata wapi. Bei ya chini kupita kiasi, kasha lililofunguliwa, namba iliyokwanguliwa: hizo ni dalili za kukufanya uondoke dukani.

5. Injini ikizimika njiani

Kihisi cha kranki kinachoelekea kufa kina tabia ya kuhadaa: injini ikipata moto huzimika, na ikipoa baada ya nusu saa huwaka tena kana kwamba imepona. Dereva hushukuru na kuendelea. Asiendelee na safari ndefu. Atafute fundi wa karibu, kwani itazimika tena, na huenda ikawa kwenye mteremko.

Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wa injini. Usizikanyage breki mara kwa mara, maana nguvu iliyobaki huisha kwa mikanyago michache. Kanyaga mara moja kwa uthabiti. Usichomoe ufunguo, usukani usije ukajifunga. Washa taa za dharura na ulielekeze gari nje ya njia. Kumbuka pia kwamba Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia, Uganda na Tanzania upande wa kushoto. Ukisha kuvuka Rusumo au Gatuna, pembezoni mwa barabara pamehamia upande mwingine.

Weka pembetatu ya tahadhari. Gari linalokuja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo pembetatu iliyowekwa mita 50 nyuma, yaani kama hatua 70 za mtu mzima, humpa mwenzako sekunde mbili tu na ushei. Penye kona au kilele cha mlima iwekwe kabla ya kona au kilele hicho. Abiria wote washuke, wakae mbali na barabara, wala wasisimame nyuma ya gari.

Taa ya injini ikimetameta badala ya kuwaka tu, mafuta yasiyoungua huenda yanaingia kwenye kifaa cha kusafisha moshi, kile mafundi wanachokiita masega, nacho hupata joto kali sana. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, hasa kiangazi katika nyika za Nyagatare na Kayonza.

Ndani ya buti viwemo: pembetatu, fulana inayong'aa, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, tochi, maji, na gurudumu la akiba lenye upepo. Anayevuka mpaka abebe pia kadi ya gari, bima na Kadi ya Njano ya COMESA. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi. Gari lenye gia za kujiendesha lisivutwe kwa kamba kabla ya kusoma kitabu chake. Mengi huhitaji kubebwa juu ya lori.

6. Wajibu wa mkazi

Mgeni aliyekwama mlangoni pako ni mgeni wako. Msaidieni kusukuma gari nje ya njia ikiwa ni salama, mwelekezeni kwa fundi anayejulikana, na toeni taarifa kwa uongozi wa kijiji. Matawi yaliyowekwa barabarani kama ishara hayaonekani vizuri usiku. Na mawe ya kuzuia magurudumu yakiachwa baada ya gari kuondoka, huwa mtego kwa mwendesha pikipiki. Yaondoeni.

Likikwama au kupinduka lori la mafuta, kaeni mbali kabisa. Huko Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya watu 200 walikufa lori la mafuta lilipolipuka. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, moto uliwakuta watu wakichota petroli iliyomwagika, na waliokufa walizidi 100. Hakuna dumu la petroli linalolingana na uhai wa mtu mmoja.

Maswali ya kujadili baada ya Umuganda

1. Kwa nini namba ya hitilafu haitoshi kuamua kwamba kihisi kimekufa?
2. Ni kona gani katika eneo letu ambako gari likikwama haliwezi kuonekana, na tuweke pembetatu wapi?
3. Kijana akiletewa kifurushi cha vipuri bila risiti avuke nacho usiku, amjulishe nani?
4. Nani kijijini petu atahakikisha kwamba mawe na matawi yameondolewa barabarani?

Nchini Rwanda, kwa dharura piga 112. Kwa ajali za barabarani piga 113.