Breki Haifi bila Kuaga
Somo kwa waendesha bodaboda, wenye magari ya milimani na abiria wao

Ndugu wasomaji wa Busia, Malaba, Lwakhakha na Suam, neno "bodaboda" lilizaliwa huku kwetu mpakani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili, nao walinadi safari kwa jina la mpaka wenyewe. Baiskeli ile ilisimama hata kwa kuburuza mguu. Pikipiki ya leo, yenye abiria wawili na gunia la mahindi, haisimamishwi na mguu wa mtu.

Mara nyingi baada ya ajali tunaambiwa, "Breki zilikata ghafla." Mkaguzi wa magari anapofungua gurudumu, hukuta viatu vya breki vilivyolika kwa miezi. Dalili ya mvua ni mawingu. Somo hili lataka tujifunze kuyaona mawingu hayo mapema.

Kimaka si Sipi

Tuchukue mfano wa pikipiki iliyozoea mitaa ya Kimaka, mjini Jinja. Huko safari ni fupi na miinuko ni michache. Breki dhaifu huweza kumvumilia mwenyewe kwa muda mrefu, naye akadhani ni nzima. Siku moja akodiwe kupeleka mzigo Mbale kupitia Iganga na Tirinyi, kisha apande hadi Sipi. Sipi ipo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hali Mbale haifiki 1,200. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki, na hapo ndipo siri hufichuka.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukizidi maradufu, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki huwa takribani mara nne. Mteremko mrefu huongeza joto bila kulipa nafasi ya kupoa, na breki iliyopata joto kupita kiasi hupungua nguvu hata kama imekazwa vema.

Ukaguzi wa dakika tano kila asubuhi

Kwanza, kanyagio na mkono wa breki. Katika pikipiki nyingi za breki za ngoma, kanyagio la nyuma hushuka milimita 20 hadi 30 kabla breki haijakamata. Likishuka zaidi, kaza nati ya fimbo ya breki, kisha zungusha gurudumu kwa mkono: lizunguke bila kukwaruza, kwani breki inayokwaruza huchemka. Nati ikiwa imefika mwisho wa uzi na breki bado ni hafifu, viatu vimekwisha. Hapo haifai kukaza tena. Ni kununua vingine.

Pili, alama. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kando ya ngoma. Kamata breki kwa nguvu. Mshale ukivuka alama, viatu vimelika.

Tatu, mafuta ya breki, kwa wenye breki za diski na magari. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka huwa povu, na kanyagio huzama hadi sakafuni. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hayakupungua. Yakipungua, tafuta kwanza panapovuja.

Nne, shokapu na springi. Shika breki ya mbele, sukuma usukani wa pikipiki chini, uachie. Urudi juu na kutulia. Ukirukaruka, shokapu zimechoka, na gurudumu linalorukaruka haliko ardhini. Breki haiwezi kusimamisha gurudumu lililo hewani. Mafuta yakitiririka kwenye miguu ya mbele, yafuate hadi mwisho: huenda yanadondokea diski. Kwa gari la milimani, chungulia springi za nyuma. Jani moja likivunjika, gari huweza kuvutwa upande mmoja pale breki inapokamatwa.

Adabu ya mteremko

Wapo wanaozima injini au kuweka nyutro ili kuokoa petroli. Hiyo ni akiba ghali mno. Injini yenyewe ni breki: shuka kwa gia ndogo, ile ambayo ungeipandia. Kamata breki, punguza mwendo, achia ipoe. Usiikalie njia nzima. Wapo pia wanaoiogopa breki ya mbele hata wakailegeza kabisa. Kwenye lami kavu ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi, kwa kuwa uzito huegemea mbele. Itumie pamoja na ya nyuma, polepole kwenye tope na changarawe. Baada ya kuvuka maji, bonyeza breki kwa upole mara kadhaa hadi zikauke.

Neno kwa jamii

Vipuri huvuka mpaka kila siku, na si vyote vya kweli. Nunua kwa mwenye duka anayejulikana, dai risiti, na mwombe fundi akuonyeshe kile alichokitoa. Abiria nawe una haki: kabla ya kupanda, muulize dereva, "Breki zikoje?" Dereva mwema hatakasirika. Wala tusikague vyombo kwa kumwogopa askari wa barabarani. Askari hayupo kila kona ya mlima, lakini mteremko upo.

Maswali ya kujadili kijiweni

1. Ni lini mara ya mwisho tulipofungua ngoma na kuviona viatu vya breki kwa macho yetu?
2. Je, kijiwe chetu chaweza kuweka akiba ndogo ya kila wiki ili asiwepo wa kusema alikosa fedha za viatu vya breki?
3. Mwenzetu akipakia mzigo uliozidi na breki zake tunazijua, nani atakayemzuia?