"ZIWANI" MOJA, KIINGEREZA TATU

Kuingia chuo kikuu kusomea digrii kunadai C+ katika KCSE. Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza ina zoezi la kujaza mapengo, alama 10 kati ya 60, na vihusishi hutegea hapo. Sisi watu wa Kalokol twasema "ziwani", basi. Kiingereza chauliza: wapi hasa? Samaki yumo majini: "in the lake". Mashua inaelea juu: "on the lake". Mama mchuuzi anangoja ufuoni: "at the lake". Kwa hiyo nikifika penye pengo najiuliza kwanza: ndani, juu, au hapo karibu? Wenzangu wa kidato cha nne, jaribuni "mezani": chakula kiko wapi, na mlaji je? Haba na haba hujaza kibaba.