SOMO LA USHIRIKA: MTAMBO NA LEJA — HABARI ZA CHUO KIKUU CHA LAPPEENRANTA



Vyama vyetu kadhaa vimekwisha kuleta mbele ya mikutano mikuu maombi ya kununua mitambo: mashine za kukoboa, pampu za maji, na siku hizi umeme wa jua. Somo hili halitaamua kama chama kinunue au kisinunue. Litaeleza habari za chuo kikuu kimoja cha ufundi huko Ufini, ambako uhandisi, nishati na biashara hufundishwa chini ya paa moja, ili tuone ni maswali gani hutangulia ununuzi. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Wazee wa ushirika watakumbuka kwamba Ufini, pamoja na Denmark, Norway na Sweden, ilisaidia mafunzo ya ushirika katika Kenya na Tanzania tangu miaka ya mwisho ya 1960.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1969 katika mji wa Lappeenranta, kusini mashariki mwa nchi, kando ya Saimaa, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, karibu na mpaka wa Urusi. Mwaka 2019 jina lake liliunganishwa na la mji wa Lahti, ambako pia hufundisha, na kwa kifupi huitwa LUT. Katikati ya Desemba jua la huko huonekana kwa saa 5 na nusu hivi. Katika Juni hukaa angani saa 19. Nchi haina visima vya mafuta ya petroli wala migodi ya makaa ya mawe. Watu wa namna hiyo hawawezi kuifanya habari ya nishati kuwa somo la anasa.

Chuo hiki hakina kitivo cha udaktari wala cha sheria. Kilichagua mambo machache, kikayashika. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba humo kuna somo la uhandisi wa uzalishaji, ambalo mwanafunzi wake hujifunza mashine na hesabu za gharama kwa pamoja. Hafundishwi kwanza kuunda mtambo, kisha akatafutiwa karani wa kumwambia umegharimu kiasi gani.

Tutazame kazi ya viwanda vya eneo lile. Huko hupikwa vipande vya miti pamoja na dawa, ili kupata rojo ya kutengenezea karatasi. Karibu nusu ya mti haiwi rojo. Hubaki katika maji meusi mazito. Maji hayo hukaushwa mpaka yaweze kuwaka, yakachomwa katika tanuri kubwa, na kutoka humo hupatikana mambo mawili: mvuke wa kuzalisha umeme, na dawa ile ile iliyotumika, ikarudishwa kazini. Matanuri hayo ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa na wataalamu wa LUT. Katika kiwanda cha Joutseno, kilichomo katika eneo la mji huo huo, hata magamba ya miti hugeuzwa gesi ya kuchomea chokaa badala ya gesi asilia. Na wenye kiwanda hicho ni nani? Kampuni inayokiendesha imo katika kundi la Metsä, ambalo mama yake ni chama cha ushirika cha wenye misitu, Metsäliitto, chenye wanachama takribani 90,000. Basi mkulima wa miti anapohudhuria mkutano wa chama chake, takataka za kiwanda ni sehemu ya hesabu zake.

Nitapita haraka juu ya mengine. Chuo kina mtambo wa majaribio uitwao PACTEL, uliojengwa kwa kuiga kituo cha nyuklia cha Loviisa kwa kipimo kidogo. Maji yake hupashwa moto kwa umeme tu, ili wataalamu wajue hitilafu zitakavyokuwa bila kumhatarisha mtu. Pia, kutokana na utafiti wa LUT na taasisi ya VTT, mwaka 2017 ilizaliwa kampuni ya Solar Foods, ambayo hulisha bakteria kwa haidrojeni na hewa ya kaboni na kupata unga wenye protini. Kiwanda chake cha kwanza kilifunguliwa Vantaa mwaka 2024. Mimi sijauonja, wala sina haraka. Lakini mhasibu yeyote ataona kwamba bei ya unga huo itafuata bei ya umeme.

Liko jambo jingine, dogo kwa macho, ambalo naliona kubwa. Watafiti wa biashara wa chuo hiki wameandika juu ya hisia ya umiliki katika vyama vya ushirika. Mtu aweza kuwa na hisa iliyolipwa na jina katika daftari, na bado akasema "mashine yao". Elimu hiyo husema kwamba hisia ya "yetu" hutoka katika njia tatu: kuwa na sauti katika uendeshaji, kukijua kitu kwa undani, na kutia ndani yake jasho lako mwenyewe.

Nilipokuwa mkaguzi kijana nilikuta katika chama kimoja mashine ya kukoboa mpunga imefunikwa turubai. Fundi alijua inakoboa magunia mangapi kwa saa. Hakuna aliyeuliza wanachama huvuna magunia mangapi. Katika leja bei ya kununulia ilikuwapo, lakini ukurasa wa uchakavu haukuwapo. Deni lilikatwa katika malipo ya wanachama kwa misimu minne, pamoja na wale ambao hawakupata kupeleka hata gunia moja mashineni. Walipoulizwa, walisema mashine ni ya kamati. Sikuweza kuwalaumu.

Tufanye hesabu ya darasani. Mashine imenunuliwa kwa shilingi 12,000,000, nayo itadumu miaka 10. Uchakavu wa mwaka ni shilingi 1,200,000. Wanachama wakileta kilo 60,000 kwa mwaka, kila kilo inabeba shilingi 20. Wakileta kilo 15,000, kila kilo inabeba shilingi 80, kabla ya dizeli, mshahara wa fundi na riba. Mashine ni ile ile, na fundi ni yule yule. Kwa umeme wa jua hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa karibu gharama yote hulipwa siku ya kwanza, na betri huchoka mapema kuliko paneli. Kila kimoja kiwekewe uchakavu wake.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla ombi la mtambo halijaingizwa katika makisio na katika ukomo wa madeni, andika kwenye karatasi moja kilo zilizopokelewa katika misimu mitatu iliyopita, kama zilivyo katika stakabadhi na si kama zinavyotumainiwa. Igawe bei kwa hesabu niliyoonyesha, kwa msimu mzuri na kwa msimu mbaya. Karatasi hiyo isomwe mkutanoni kwa sauti, kisha ibandikwe mlangoni mwa ghala siku 14 kabla ya kura kupigwa. Nitakapofika kukagua, nitaomba kuiona kabla sijauliza leja.