Dondoo muhimu: Kompyuta ya sebuleni isiyopiga kelele

Sauti ya filamu isishindane na mvumo wa feni. Zingatia haya:

• Prosesa: Chagua isiyokula umeme mwingi. Intel N100, kwa mfano, imekadiriwa wati 6. Kipoza joto cha alumini kisicho na feni kinaitosha.

• Kipoza joto: Kwa prosesa kubwa zaidi, tafuta chenye mapezi mapana yaliyoachana, kama Noctua NH-P1. Pima kasha kwanza, maana ni kikubwa.

• Hewa: Usiifungie kompyuta ndani ya kabati la TV. Hewa ya moto hupanda. Acha matundu ya chini na ya juu wazi.

• Feni: Ikibidi kuwa nayo, chukua ya milimita 120 au 140 izunguke polepole. Feni ndogo hulazimika kwenda mbio, ndipo inapopiga kelele.

• Vumbi: Safisha mapezi mara kwa mara, vumbi huzuia joto kutoka.

• Majaribio: Kwa wakazi wa Mombasa au Dar es Salaam, pima joto la prosesa mchana wa jua kali. Likikaribia nyuzi 100, prosesa hujipunguzia kasi na video huanza kukwama.