Dondoo muhimu: Nyumba ya rehani ikitakiwa na benki

Nchini Kenya benki haiwezi kuamka tu ikakutoa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaidai ilani mbili: ya kwanza, baada ya mwezi mmoja wa kutolipa, ikupe angalau miezi 3 urekebishe; ya pili, ya kuuza, siku 40. Kisha dalali naye atoe siku 45. Weka kila bahasha, andika tarehe uliyoipokea. Kesi nyingi huamuliwa hapo.

Nyumba ya ndoa ilihitaji idhini ya mke au mume. Kama sahihi hiyo haipo au ilighushiwa, mwambie wakili siku ya kwanza.

Dai kwamba riba ni kubwa mno au hesabu haieleweki, peke yake, kwa kawaida halisimamishi mnada. Majaji wanaoombwa zuio hurejelea kesi ya Giella ya 1973: una hoja yenye uzito? Hasara yako haiwezi kufidiwa kwa pesa? Na nyumba uliyoiweka rehani mwenyewe, watakuambia, ina bei. Kwa hiyo nenda na stakabadhi za malipo, si machozi.

Ulizia ripoti ya mthamini. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo itakayojieleza.

Unaweza kulipa deni lote na kuikomboa nyumba kabla mnunuzi hajapatikana. Nyundo ikishagonga, mara nyingi hubaki fidia tu.