Kisukari Hakizuiwi na Daktari Peke Yake

Chakula tulacho, hasa cha wanga, hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika nyama za mwili kwa msaada wa insulini, itokayo katika kongosho. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu. Miaka ikipita huharibu macho, figo, moyo na miguu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Aina zake kubwa ni mbili. Ya kwanza haizuiwi kwa chakula wala kwa mazoezi, na mgonjwa hana budi kutumia insulini siku zote. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, mara nyingi yaweza kuzuiwa. Je, kwa njia gani?

Waganga wa Marekani walichagua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kiasi cha ugonjwa, wakawagawa mafungu matatu. La kwanza lilifundishwa kupunguza mafuta na uzito, na kufanya mazoezi, kama kutembea upesi, dakika 150 kila juma. La pili lilipewa dawa ya metformini, na la tatu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Yakilinganishwa na fungu la tatu, dawa ilipunguza ugonjwa kwa 31 katika mia, na mafunzo kwa 58 katika mia. Miguu ilishinda kidonge!

Lakini mafunzo yale yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, na gharama yake kubwa. Basi wataalamu wa Indianapolis wakashirikiana na chama cha Y.M.C.A., chenye nyumba za mazoezi na walimu wake. Walimu hao, wasio waganga, wakafundishwa kazi hiyo, nao wakafundisha watu kwa vikundi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba baada ya miezi sita wanafunzi wao walipungua uzito kwa 6 katika mia, na wale waliopewa mashauri tu kwa 2. Mwaka 2010 Bunge la Marekani liliidhinisha mpango wa taifa zima, na tangu mwaka 2018 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipia mafunzo hayo.

Tazameni kazi ilivyogawanywa: zahanati hupima damu, chama hufundisha, bima hulipa. Daktari apimaye asiwe na mahali pa kumpeleka mtu, humrudisha nyumbani na hofu tu. Na chama kifundishacho bila vipimo hakitajua ni nani aliye hatarini, wala ni nani aliyekwisha kuugua na kuhitaji hospitali.

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wa shule hii wako wauguzi, walimu na viongozi wa vyama. Kila mmoja ana sehemu moja ya kazi hiyo mkononi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali
1. Kwa nini hospitali peke yake haikutosha?
2. Katika mji wenu, ni nani apimaye, na ni nani awezaye kufundisha?