Droni, riziki na faragha ya jirani

*Mhariri, nakaa Kimironko, na nimenunua droni nipate riziki kwa picha za harusi na za viwanja vinavyouzwa. Jirani alalamika kwamba namchungulia uani. Je, nina kosa? – Msomaji, Kigali*

Ndugu msomaji, una hofu mbili, ya sheria na ya ujirani, na ya kwanza ndiyo nyepesi. Rwanda, ambako tangu Oktoba 2016 droni hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, haikukiharimisha chombo hiki, bali imekiweka chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo kwayo yakupasa kukisajili na kupata idhini, seuze wewe unayekaa karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe. Usipokee arbuni ya harusi kabla ya idhini kutoka.

Ama jirani, ana haki. Uani ndiko anakoanika nguo na kukaa bila mtandio, na picha ya mtu anayetambulika yaingia katika Sheria Na. 058/2021 ihifadhiyo taarifa binafsi na faragha. Basi mbishie hodi siku moja kabla, umwambie saa na sababu. Rusha chombo kutoka ndani ya kiwanja chenyewe, ukiinamishe kamera kabla ya kuanza kunasa. Kisha mwoneshe picha, na aliyoichukia uifute mbele yake. Akishikilia lalamiko, acha kurusha mtaani hapo, mwende nyote wawili kwa mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wenu; na kabla ya kuuza picha yenye sura za watu, muulize wakili.